Maboya ya ndege yangu: shajara ya Februari hadi Juni

Jumamosi, 22 Februari 2025

Maboya yamefika, yale yanayofungwa chini ya ndege badala ya magurudumu ili iruke na kutua majini. Yamekuja kwenye trela yakiwa yamezungushiwa magodoro ya zamani, safari ya saa sita kutoka kusini mwa Ontario, hapa hapa Kanada, na aliyeniuzia ameapa kwamba hayavuji hata tone. Tutaona. Nje ni nyuzi 19 chini ya sifuri. Ndani ya hanga hita ya dizeli inanguruma tangu alfajiri na bado spana zinanata kwenye vidole.

Kwa asiyejua nilipofikia: ndege ni ya viti viwili, bawa juu, kiunzi cha mabomba ya chuma kilichovikwa kitambaa. Nimeijenga miaka sita baada ya saa za kazi (mimi ni fundi malori). Injini ni Rotax 912 ya nguvu farasi 100. Imeruka saa 41 kwa magurudumu na haijanisumbua. Lakini huku kaskazini viwanja vya ndege unavihesabu kwa vidole na maziwa hayahesabiki. Kuwa na magurudumu peke yake ni sawa na kukaa Ukerewe na baiskeli bila mtumbwi.

Leo nilitaka kujua jambo moja tu: maboya haya yanabeba kiasi gani. Kibandiko cha mwenye mali sikiamini. Nikakata makadibodi kwa umbo la boya kila baada ya sentimita 30 kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma), nikatafuta eneo la kila kipande, nikajumlisha. Lita 530 kwa boya moja. Mawili ni lita 1,060, yaani kilo 1,060 za maji matamu yakizamishwa kabisa. Uzito wa juu wa ndege nimeuweka kilo 560. Kanuni ya ndege zenye cheti ni kwamba maboya yabebe uzito wote na asilimia 80 juu yake. Ndege ya kujijengea hailazimiki kwa namna ileile, lakini sioni sababu ya kujifanya mjanja kuliko maji. 560 mara 1.8 ni 1,008. Nimepita kwa lita 52.

Mwaka jana nilisimama muda mrefu mbele ya ndege aina ya Beaver kwenye jumba la makumbusho la ndege za porini pale Sault Ste. Marie, nikipiga hesabu hiyo hiyo kwenye simu. Beaver iliruka mara ya kwanza 16 Agosti 1947, na hadi leo ndiyo daladala la maziwa ya huku. Uzito wake wa juu ikiwa na maboya ni paundi 5,090. Boya lake, la kampuni ya EDO, linaitwa 4580, na namba hiyo ndiyo paundi za maji ambazo boya moja linaweza kuzisukuma pembeni. Zidisha kwa mbili, gawanya kwa 5,090. Inakuja 1.8. Jina la boya ndiyo hesabu yenyewe.

Jumapili, 9 Machi

"Hata tone." Haya.

Kila boya lina vyumba vitano vilivyotengwa kwa kuta. Kanuni ya zamani ya ndege zenye cheti ilitaka visipungue vinne, ili viwili vikijaa maji ndege ibaki inaelea. Ukitaka kujua kinachovuja, maji unayatia ndani na kuangalia nje. Nikaweka boya juu ya magodoro yale yale, nikamwaga ndoo mbili kila chumba (usijaze, lita mia za maji ni kilo mia zinazokandamiza bati jembamba), nikapaka unga wa poda ya watoto kwenye mishono yote kwa nje. Poda ikilowa, inageuka kijivu.

Vyumba tisa vikavu. Cha tatu cha boya la kushoto kikaanza kuchora mstari wa kijivu baada ya dakika nne, kwenye safu ya ribiti pale ubavu unapokutana na chini. Ribiti 14 zimelegea. Ukiweka kucha juu ya kichwa cha moja na kugonga upande wa pili, unaisikia inacheza.

Nikampigia baba mkwe kwa video. Alikuwa fundi wa majahazi Nungwi, Unguja. Sasa amestaafu, ila mdomo bado uko kazini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Geuza simu nikione chombo."

Nikakizungusha. Akaangalia kimya mpaka nikafika katikati ya boya.

"Simama hapo. Mkuku huu nani kaukata?"

"Haukukatwa baba, ndivyo ulivyo. Inaitwa stepu."

"Umekatika. Kakuuzia kitu kibovu huyo."

Nikamweleza. Chini ya boya, kwenye mkuku (uti wake wa chini), karibu katikati, kuna ngazi moja, sentimita chache tu. Boya likienda mbio maji hupenda kung'ang'ania bati linalopinda, yanalinyonya kama ulimi wa ng'ombe. Ngazi ile inayakata: maji yanaachia pale kwenye ukingo, hewa inaingia nyuma yake, na boya linabaki limesimama juu ya kipande kidogo cha mbele. Bila hiyo ndege inakimbia ziwa zima na haiachii.

"Na hewa inaingilia wapi?"

"Ubavuni, baba."

"Mh."

Ile "mh" nimeshaishi nayo miaka kumi na moja, na haina maana ya kukubali. Lakini kwenye kuziba tulielewana. Kwake ni kalafati, pamba na mafuta. Kwangu ni ribiti mpya na silanti ya matangi ya mafuta ya ndege. Alichosisitiza ni kile kile: usizibe juu ya uchafu, na usizibe kwa nje tu ukadhani umemaliza. Nimetoa ribiti zote 14, nimesugua, nimepaka silanti katikati ya bati na bati, nimegonga mpya zikiwa zimechovywa. Zikauke wiki nzima kwa baridi hii.

Ijumaa, 28 Machi

Sina la kuandika ila tarehe. Siku kama ya leo mwaka 1910, Henri Fabre aliinyanyua ndege yake kutoka kwenye maji ya Étang de Berre, kusini mwa Ufaransa, akaruka kama nusu kilomita kwa injini ya Gnome ya nguvu farasi 50. Ndiyo ndege ya kwanza yenye injini kuondoka majini. Miaka miwili baadaye huko Marekani, Glenn Curtiss alikuwa na ndege-boti iliyogoma kuachia maji mpaka alipoiwekea stepu. Nimemtumia baba mkwe habari hiyo. Ameisoma, hajajibu.

Silanti imekauka. Chumba cha tatu nimekitia maji tena, saa mbili nzima, poda bado nyeupe.

Jumamosi, 5 Aprili

Kufunga boliti ni rahisi. Kujua maboya yakae wapi ndiko kumeninyima usingizi tangu Januari.

Ndege ikikimbia juu ya maji, mzigo ambao bawa halijaubeba unakaa kwenye sehemu ndogo ya boya iliyo mbele tu ya stepu. Hapo ndipo inapochezea, kama mizani ya dukani. Stepu ikiwa mbele ya kitovu cha uzito (pale uzito wote wa ndege unapolingana), mkia unaanguka na ndege inakuwa punda aliyepakiwa matakoni. Ikiwa nyuma mno, uzito unalala mbele, omo zinalima maji, na utavuta stiki (usukani wa ndege) hadi tumboni bila pua kunyanyuka. Halafu kuna propela: iko juu, karibu mita 1.4 kutoka kwenye maji, inavuta mbele, huku maji yakivuta maboya nyuma kwa chini. Vyote viwili vinainamisha pua. Ndiyo maana stepu huwekwa nyuma ya kitovu, lakini kidogo. Wa ndege ndogo wengi wanazungumzia upana wa kiganja.

Kitovu changu kinaruhusiwa kucheza kati ya milimita 300 na 440 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Nikiwa peke yangu na lita 40 za mafuta kinasimama 380. Nimeamua stepu iwe 480. Inakuwa milimita 100 nyuma ya kitovu cha kawaida, na bado 40 nyuma ya kikomo.

Asubuhi tuliitundika ndege kwa mnyororo kwenye boriti la hanga, mimi na shemeji, tukatoa magurudumu, ikaning'inia kama mbuzi wa sikukuu. Nikashusha timazi kutoka ukingo wa bawa, kushoto na kulia, nikachora mstari wa chaki sakafuni. Kutoka mstari huo milimita 480 nyuma, mstari mwingine. Maboya yakaingizwa chini yake juu ya vigari, stepu zikae juu ya chaki.

Mkuku kwa mkuku ni mita 1.95. Omo zimetangulia mbele ya propela kidogo ili maji yanayorushwa yapite nje yake. Propela yenyewe ni mita 1.74, na ncha yake itakuwa sentimita 55 juu ya maji kwa hesabu zangu. Hadi 2017 kanuni ya ndege ndogo zenye cheti Marekani ilitaka zisipungue 46. Matone ya maji yanakula ukingo wa propela kama msasa.

Kisha pembe. Bawa linatakiwa liinuke kuliko maboya, kwa sababu boya likienda mbio lina namna moja tu ya kukaa linayoipenda, na wakati huo huo bawa linataka kuwa limeinama nyuma vya kutosha kubeba. Pembe ikiwa ndogo, itabidi uvute pua juu sana na tezi zitagusa maji. Ikiwa kubwa, angani utaburuza maboya yameinamisha pua, kasi inapotea, na siku ya kutua omo zinaweza kutangulia kugusa, hapo ndege inapindukia mbele. Mchoro niliopewa na maboya unasema digrii 4. Nikaweka pimamaji ya dijitali juu ya deki ya boya: 0.0. Nikaiweka chini ya bawa: 4.0. Shemeji akapiga makofi.

Mchana wote tumeumaliza kwenye ulalo. Kutoka omo ya kushoto hadi tezi ya kulia, na kinyume chake, vipimo viwe sawa. Kutoka nguzo ya mkia hadi kila stepu, viwe sawa. Vikatofautiana milimita 7. Tukalegeza kila kitu, tukakaza, 7. Tukabadilisha bomba za kukingama, 7. Saa tatu. Mwisho shemeji, ambaye kazi yake ni kuendesha teksi na hajui ndege hata kidogo, akauliza, "Shemeji, hii washa hapa mbona ziko mbili na kule iko moja?" Nikanyamaza. Nikaitoa ile ya ziada (washa ni kile kibati cha duara cha chini ya nati). Milimita 2.

Jumapili, 13 Aprili

Waya za mkingamo zimekazwa, mbele na nyuma. Miguu yote minne ina boliti za kudumu. Nimepima tena uzito: kwa magurudumu ilikuwa kilo 292 tupu, toa magurudumu na vyuma vyake 27, weka maboya na miguu yake 74, inakuwa 339. Zinabaki 221 za watu, mafuta na mizigo. Watu wawili wa kawaida, lita 60, na chakula. Samaki wakubwa watasubiri.

Jumamosi, 10 Mei

Barafu imeondoka ziwani tangu Jumatatu. Tumeishusha.

Baba mkwe alitaka awepo kwa video. "Usiniambie karatasi inasema nini. Chora maji yalipofikia." Nikaingia hadi kiunoni (maji ya nyuzi 6, nilipiga yowe moja ambalo amelicheka hadi machozi) na nikachora kwa kalamu ya nta kwenye omo, stepu na tezi. Mimi kwenye kiti na lita 40, jumla kilo 453. Tezi zimekaa chini kidogo kuliko omo, pua juu kama digrii mbili na nusu, boya la kushoto na la kulia tofauti ya sentimita moja tu, na hiyo ni mimi nimekaa kushoto.

"Kinakaa vizuri," akasema. "Kidogo tezi, lakini kinakaa."

Kwa fundi wa Nungwi hiyo ni sifa.

Jumapili, 18 Mei

Kutembea tu majini, bila kuruka. Leseni ya ndege za majini nilipata kiangazi cha mwaka juzi: saa 7 za mafunzo, 5 kati yake na mwalimu, na kuruka na kutua mara tano peke yangu. Kwa hiyo najua inavyotakiwa kuhisi. Sukani ndogo za nyuma ya maboya zinashuka na kupanda kwa kamba bila kukwama. Upepo ukiwa wa ubavu, ndege inageukia upepo, kama zote. Nimeshaongeza pezi chini ya mkia, maana maboya yanaongeza ubavu mwingi mbele ya kitovu na mkia wa awali haukuhesabiwa kwa hilo.

Jumamosi, 24 Mei

Haikuruka.

Ziwa lina urefu wa kilomita mbili, upepo mdogo wa mbele, hewa baridi. Nilifungua mafuta yote, stiki nyuma. Pua ikapanda, ikakaa, sekunde nane ikavuka kilima cha maji na kulala kwenye stepu vizuri kabisa. Nikalegeza stiki. 60, 65, 70 kwa saa. Kwa magurudumu inaachia kwenye 68. Hapa, 72. Nikavuta stiki taratibu: kasi ikarudi 66. Nikalegeza, 73. Nikavuta, 67. Mara nne. Ufukwe wa mwisho ukawa mkubwa mbele ya kioo, nikafunga mafuta.

Jaribio la pili sawa. La tatu nilijaribu kunyanyua boya moja kwanza kwa kulaza bawa, mbinu ya wazee wa huku. Likanyanyuka, likarudi.

Nimerudi gatini nimelowa jasho. Binti yangu alikuwa anarekodi kwa simu. Hajasema kitu, amenipa taulo.

Jumapili, 25 Mei

Video ya binti nimeiangalia polepole, fremu kwa fremu. Kila nikivuta stiki, nyuma ya maboya, kwenye tezi, inatokea mkia mweupe wa maji. Tezi zinagusa. Chini ya boya nyuma ya stepu kumepanda juu digrii 7 na nusu. Ndege ikiinuka kupita hapo tezi zinaingia majini na kufunga breki. Kwa hiyo bawa langu, hata nikifika mwisho, halipati pembe ya kutosha. Lakini nimeliwekea digrii 4! Nilipima mwenyewe!

Jioni simu ya baba mkwe. Nikamweleza yote.

"Hiyo pembe umeipimia wapi?"

"Juu ya deki, baba. Ilisoma sifuri kabisa."

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Deki," akasema. "Mwanangu, deki ni pa kusimama watu. Chombo kinapimwa mkuku."

Nilikwenda gatini usiku na tochi. Tukaivuta ndege kwenye mteremko wa mbao, nikalaza ubao ulionyooka chini ya mkuku, mbele ya stepu, pimamaji juu yake, kisha chini ya bawa. Tofauti ya bawa na mkuku: digrii 2.1. Deki ya maboya haya inainama digrii mbili kuelekea omo. Nilipoiweka deki sawa, niliuinua mkuku. Nimeutazama mchoro tena. Mstari wa digrii 4 umechorwa kutoka kwenye mkuku, wino mweusi kabisa, na nimeutazama mstari huo tangu Februari.

Jumapili, 1 Juni

Ukarabati. Kutoka vishikio vya miguu ya mbele hadi vya nyuma ni mita 1.10. Digrii moja hapo ni milimita 19. Digrii mbili, 38. Nimetengeneza vishikio vipya vya miguu ya mbele kwa bamba la chuma cha aina ya 4130, virefu kwa 38. Jirani wa hanga ya pili, mzee aliyerusha ndege za porini miaka mingi, alikuja kukagua mashimo kwa miwani yake ya kusomea na hakukosoa chochote, nikafurahi mapema.

Bawa kwa mkuku: 4.1. Ulalo umepimwa tena, waya zimekazwa tena.

Jumamosi, 7 Juni

Sasa ilitaka kuruka. Kupita kiasi.

Ilipanda kwenye stepu ndani ya sekunde saba. Kwenye 55 pua ikatikisika, chini, juu. Nikashika stiki pale pale. Chini, juu zaidi. Mara ya tatu kiti kiliniacha kabisa, nikasikia mkanda. Marubani wa majini wanaita hiyo pomboo, na kila aliyefundishwa anajua: ikishakuwa inakua usiifukuzie kwa stiki, maana utakuwa umechelewa nusu mzunguko kila mara na utaiongezea. Stiki nyuma, mafuta funga. Ikatulia, ikaketi majini, mawimbi yangu mwenyewe yakanipita.

Mara ya pili, hivyo hivyo, mapema zaidi.

Mzee jirani alikuwa gatini na kikombe cha kahawa. Aliuliza swali moja: kitovu changu nimekipima upya? Nikamjibu kwamba sijaongeza wala kupunguza kitu, ni vishikio tu. Akanyoosha kiganja, akaweka kidole cha mkono mwingine kimesimama juu yake, akakilaza nyuma kidogo. Akanywa kahawa.

Nimechora jioni kwenye makadibodi yale yale ya Februari. Nilipoinua miguu ya mbele, ndege ilijipinda kwenye vishikio vya nyuma. Kitovu cha uzito kiko sentimita 95 juu ya vishikio hivyo. Digrii mbili kwa sentimita 95 ni milimita 33, kwenda nyuma. Stepu haikusogea hata unywele, lakini kitovu kimeifuata: milimita 100 zimekuwa 67. Na nikiweka abiria na mizigo nyuma, zinakaribia kwisha.

Kwa miezi minne nimeandika kwenye daftari hili kurasa mbili tofauti, moja ya "mahali" na moja ya "pembe". Nimezibana kwa stepla.

Jumamosi, 14 Juni

Maboya yasogee nyuma. Kwa bahati aliyeyajenga aliweka reli juu ya deki zenye matundu kila milimita 25, kwa hiyo chaguo ni 25 au 50. Nimekwenda 25. Stepu inakuwa 92 nyuma ya kitovu. Lakini maboya na vyuma vyake ni kilo 74, na zikisogea nyuma 25 zinavuta kitovu nacho kama milimita 4. 88. Mtu anaweza kulifukuzia hili hadi Krismasi. Nimekubali 88.

Kusogeza maboya kunagusa kila kitu: waya zote nane, kamba za sukani za majini (fupi sasa, nimetengeneza mpya), na omo ambazo zimerudi nyuma 25 kuelekea propela. Nimepima maji ya kunyunyuka kwa kupaka propela unga wa chaki na kutembea majini injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Chaki ilibaki, ila vidoti vitatu karibu na ncha.

Ulalo, milimita 1. Sijui kwa nini safari hii haikubishana.

Jumapili, 22 Juni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo mdogo wa mbele, maji yamekunjamana kidogo, ndivyo nilivyotaka. Maji yakiwa kioo huoni yalipo, na hayaachii upesi.

Mimi peke yangu, lita 40. Sukani za majini juu. Mafuta yote. Sekunde saba kwenye stepu. Nikashika stiki mahali pamoja na kusubiri pomboo. Pua ikatikisika mara moja, ndogo, kama mtu anayeitikia salamu, ikaacha. 60. 65. Nikavuta kwa vidole viwili, na ule mtetemo wa maji chini ya miguu ukakatika ghafla. Saa ya mkononi inasema sekunde 16. Binti anasema 15, na yeye ndiye mwenye video.

Angani ni mzito kidogo kuliko zamani, unalihisi hasa ukigeuka. Kasi ya kusafiri imeshuka kutoka 145 hadi 128. Pezi la mkia linafanya kazi yake. Nimezunguka ziwa mara mbili, nimetua mara tatu, mbili nzuri, moja ya kuchapa maji kama mtu anayefua nguo. Kila mara mkuku uligusa kwanza kwenye stepu, omo ziko juu.

Nikampigia baba mkwe bado nikiwa nimekaa juu ya boya, miguu majini. Kule ilikuwa saa tisa na nusu alasiri.

"Kimeruka, baba."

"Nimeona, mjukuu wangu kanitumia." Kisha: "Umekumba maji?"

Bado. Nikachukua pampu ya mkono, nikafungua vifuniko kimoja kimoja, kuanzia kulia. Vyumba vinne vikavu kabisa, na cha tano vijiko kadhaa, jasho la asubuhi tu. Nikahamia kushoto. Cha kwanza kikavu, cha pili kikavu. Cha tatu, kikombe kimoja cha chai.

"Kikombe?" akasema. "Chombo changu kipya kilikuwa kikitoa ndoo."

Nimeandika kikombe kimoja, na saa ya kukipima tena ni Jumamosi ijayo.